Namba Saba ya Mtanashati

Jumatatu, 24 Mei 1993

Nimepanga kurasa mpaka saa kumi na mbili. Kuzunguka meza, kuokota karatasi ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi na mbili, kubana, kuanza tena. Namba ishirini na tisa. Wino umeingia hadi kwenye kucha. Wiki iliyopita mwalimu wa Jiografia aliniuliza mbele ya darasa kama nyumbani tunachimba makaa ya mawe. Walicheka. Sikujibu. Huwa sijibu.

Baba Mdogo anasema hii ni ya mwisho kutengenezwa kwa mkono. Namba thelathini itachapwa Mbeya, kwa mashine ya kweli, jalada la rangi. Amepata mbia huko. Siku hizi kila mwenye neno la kusema ana gazeti lake.

Nitaikumbuka mashine yetu. Inapiga kelele kama kuku anayetaga.

Jumatano, 26 Mei

Siku kubwa. Naiandika polepole.

Baba Mdogo aliniita nyuma ya cherehani. Alikuwa anapunguza koti la mtumba la mteja, pini mdomoni. Akasema kwa mdomo nusu, "Lugano, jarida lenye jalada la rangi haliwezi kutokea tu kama uyoga. Linahitaji historia. Nani aliyeanza, lini, kwa nini. Utaiandika wewe."

Nikasema mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nikasema hili ni jarida la wanaume. Akatoa pini mdomoni.

"Nani amesahihisha herufi zangu miaka mitatu? Mimi huyu? Andika. Na jina lako litakuwa chini yake."

Jina langu. Chini ya maandishi yaliyochapwa kwa mashine ya kweli. Nimelala kitandani mchana huu nikilitamka.

Baba Mdogo Asajile ni mdogo wake Baba. Nakaa kwake hapa Kyela mjini tangu nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, mwaka Mama alipokwenda Karonga, ng'ambo ya mpaka, kufuata biashara ya mchele na hakurudi. Baba yuko Makwale na mke mwingine. Baba Mdogo ndiye aliyenifundisha kupiga taipu. Ndiye aliyeninunulia kamusi. Sijui ningekuwa nani bila yeye.

Ijumaa, 28 Mei

Amenisimulia, mimi nikaandika.

Alirudi kutoka migodi ya Zambia na suti moja na taipureta moja. Hapa alikuta wanaume wamevaa suruali zenye viraka juu ya viraka. Vitambaa havikuwepo madukani. Alikuwa fundi bila nguo za kushona. Ofisi moja ya ushirika ilipofungwa wakauza vitu vyake, akanunua mashine ya kudurufu ambayo hakuna mwingine aliyejua ni ya nini. Akaanzisha Mtanashati. Namba ya kwanza ilikuwa karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ilieleza jinsi ya kupiga pasi ya mkaa suruali nyeusi bila kuifanya ing'ae: weka kitambaa kibichi juu yake. Mstari wake wa mwisho ulisema, "Kiraka safi si aibu."

Naupenda mstari huo kuliko mistari mingi niliyosoma vitabuni.

Niliuliza jarida lilianza lini kupata wasomaji wengi. Akasema namba saba. "Namba sita tuliuza kwa ndugu na kwa watu waliotuonea huruma. Namba saba iliisha kwa siku mbili. Ilisomwa mpaka Tukuyu. Bila namba saba tusingekuwa hapa."

Ilihusu nini? Mikanda, akasema. Faida za mkanda imara. Alikuwa ameleta mikanda ya ngozi, nayo ikaisha dukani.

Nikaomba kuiona. Panya waliila, akasema, akarudi kwenye koti.

Jumamosi, 29 Mei

Mwanahistoria hawezi kuandika juu ya kitu asichokiona. Hivyo ndivyo tunavyofundishwa. Kwa hiyo nitatafuta namba zote ishirini na tisa.

Dukani zipo ishirini na tano. Zinakosekana mbili, tano, saba na kumi na moja.

Jumanne, 1 Juni

Namba mbili: kwa mwinjilisti, ameifanya jalada la kitabu cha nyimbo. Akaniruhusu kunakili.

Namba kumi na moja: kwa mama muuza karanga sokoni. Alikuwa amebakiza ukurasa mmoja, wa kufunga tai. Niliununua pamoja na karanga zake.

Nimezungumza na watu wanne nisiowajua kwa siku moja. Haijawahi kutokea.

Alhamisi, 3 Juni

Namba tano imepatikana, kwa fundi baiskeli.

Namba saba hapana. Ajabu ni hii: kila ninayemuuliza anaijua. Kwanza anatabasamu. Halafu ananitazama usoni, tabasamu linaondoka. Fundi baiskeli alisema, "Wewe ni wa Makwale, wa kwa nani vile?" Nikamwambia. Akasema ana kazi nyingi.

Jumamosi, 5 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Asubuhi nilikwenda kwa Gwakisa, kinyozi. Kuta za kibanda chake zimebandikwa Mtanashati kutoka chini mpaka juu. Wanaume watano ndani. Nilisimama mlangoni mpaka nikaona aibu ya kusimama.

"Ugonile, mwandishi!" akanisalimia Gwakisa. "Umekuja kunyoa ndevu?"

"Bado hazijaota," akasema mmoja. "Mpe muda."

"Akipanga kurasa mwaka mmoja zaidi zitaota. Jarida la wanaume hilo."

Wakacheka. Nikasema natafuta namba saba. Kicheko kikakatika.

"Nani amekutuma namba saba?" Gwakisa akauliza. "Asajile? Mwenyewe?"

Nikasema naandika historia ya jarida. Aliyekuwa akinyolewa akanong'ona kwa Kinyakyusa, akidhani sisikii, kwamba huyu ndiye mtoto wa yule mwanamke. Gwakisa akamwambia anyamaze, atajiharibia kichogo. Akaweka chini mashine ya mkono, akachukua ndoo.

"Nakwenda kuchota maji. Chini ya namba kumi na nne, pale karibu na kioo, kuna karatasi ya zamani. Mimi sikukupa. Mimi nilikwenda kuchota maji."

Wale wengine wakamfuata nje, yule aliyenyolewa nusu kichwa pia.

Nililowesha kwa kitambaa. Namba kumi na nne ikabanduka. Chini yake namba saba, imebandikwa uso ukitazama ukutani. Nilibandua polepole, na udongo. Nusu ya herufi zilibaki ukutani, zikasomeka kinyume. Nilitumia kioo cha Gwakisa.

Faida za Mkanda Imara. Imeandikwa na Kaka Suti. Kaka Suti ni Baba Mdogo, kila mtu anajua.

Inaeleza kisa cha mzee mmoja wa Mwaya, mguu mmoja mbovu, mwavuli mkononi, aliyeteleza kwenye daraja la mti wakati wa mafuriko. Mke wa mwanawe alikuwa karibu. Akamvuta kwa mkanda mpaka nchi kavu. "Na hata walipofika pakavu," ameandika, "binti hakuuachia mkanda, wala mzee hakudai mkanda wake." Kuna mchoro. Mwanamke amefumba macho kwa heshima, lakini mikono yake imekamata. Chini yake: "Wanaume, nunueni mkanda unaoweza kubeba mkwe! Upo dukani."

Hakuna mzee wa Mwaya. Mwenye mguu mbovu na mwavuli ni Babu. Mke wa mwanawe ni Mama.

Jumamosi hiyohiyo, jioni

Lazima niandike, ingawa ninayejisomea ni mimi na ninajua.

Kwetu mke hamtazami baba mkwe wake. Akimwona njiani, anaacha njia, anaingia majanini, anampa mgongo mpaka apite. Halitaji jina lake. Hali chakula mbele yake. Kumgusa ni jambo zito. Mama alifanya hivyo miaka yote. Nakumbuka akiinama nyuma ya migomba, mimi nimemshika sketi, Babu anapita akikohoa ili tujue anakuja.

Baba Mdogo ameandika kwamba mwanamke huyo alimshika baba mkwe wake na akapenda.

Nilipokuwa darasa la tano watoto walikuwa wananiimbia wimbo wa mto. Nilidhani ni kwa sababu nyumba yetu iliingiwa na maji.

Jumapili, 6 Juni

Sikwenda kanisani. Nilikwenda Makwale kwa miguu.

Bibi alikuwa anaanika kakao. Nilimwonyesha karatasi. Hajui kusoma, lakini aliutazama mchoro, akaurudisha upesi kama kaa la moto.

"Nani amekupa?"

"Ukuta."

Akakaa. Akanieleza, mikono yake ikiendelea kugeuza kakao.

Mama alimwopoa Babu kweli. Mto ulikuwa umefurika, hakuwepo mtu mwingine. Akifa mkwe wako mbele yako kwa sababu ya adabu, hiyo nayo ni adabu gani? Alimvuta, akamweka ukingoni, akakimbia. Kisha akaogopa. Jambo kama hilo lina njia yake. Wazee wachache wanakaa, maneno yanasemwa, linazikwa. Lakini lazima liwe kimya. Mama hakuweza kumwambia Baba kwanza, alikuwa safarini. Akamwendea shemeji yake, mtu aliyesafiri, mtu wa vitabu. Akamwambia: shemeji, nenda kwa wazee kwa niaba yangu. Naye akasema: niachie mimi.

"Alikwenda kwa wazee?"

"Alikwenda kwenye mashine yake."

Wazee walikuwa tayari kukaa, Bibi anasema. Ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Lakini karatasi ilikuwa imefika sokoni kabla yao. Na jambo likishachekwa sokoni, wazee hawalikalii tena. Halizikiki. Baba aliporudi alisomewa kisa hicho kituoni, na watu wasiojua kwamba ni mkewe, au waliojua. Hakumpiga Mama. Alimwambia afungashe.

"Mama yako hakufuata biashara," Bibi akasema. "Biashara ilimkuta huko mbele. Aliomba aondoke nawe. Baba yako akakataa."

Miaka mitano. Miaka mitano nimeamini kwamba alinipima na gunia la mchele akachagua gunia.

Jumapili, inaendelea

Babu alikuwa amekaa nyuma ya nyumba. Huwa ananitania, ananiita mke wangu mdogo, anauliza kama nimepata mwanaume anayemzidi uzuri. Leo pia alianza. "Mke wangu! Umekuja kunipikia au kunidai mahari?"

Nikamuuliza: "Babu, kwa nini hukusema kwamba alikuokoa?"

Tabasamu lilimtoka. Kisha akasema, "Mimi na mama yako hatutajani. Jina lake halijapita mdomoni mwangu tangu siku alipoletwa. Ningesemaje?"

Heshima ileile iliyomfukuza Mama, Babu amejificha nyuma yake kama nyuma ya mlango. Nampenda Babu. Leo nilimchukia. Niliondoka bila kuaga, na hilo nalo si adabu.

Jumanne, 8 Juni

Sijazungumza na Baba Mdogo siku mbili. Hajagundua. Nani agundue kwamba mtu mkimya amenyamaza.

Jumatano, 9 Juni

Nimemuuliza.

Nilisubiri mteja wa mwisho aondoke. Nikaweka namba saba juu ya cherehani. Bado ina udongo wa ukuta. Aliitazama, mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Sikutaja jina," akasema.

Nikasema alitaja mguu na mwavuli.

"Niliandika Mwaya. Niliandika Mwaya, Lugano! Nilidhani nikibadilisha kijiji inatosha. Huko Zambia magazeti yalifanya hivyo kila wiki. Unabadilisha jina la mji, watu wanacheka, kesho wamesahau."

Nikasema hapa si Zambia. Hapa kuna mguu mmoja mbovu tu na watu wote wanaujua.

Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo. Sauti haikuwa yangu.

Akasema jarida lilikuwa linakufa. Namba sita ilirudi karibu yote. Alikuwa ameuza suti yake ya Zambia anunue karatasi. Akasema alikaa usiku mzima na stensili tupu na hakuwa na kitu kichwani ila kisa hicho. Alikuwa analia. Sikujua kama nimhurumie. Nilimhurumia. Hilo linanikasirisha.

"Kwa nini ulinichukua mimi?" nikauliza.

"Ningefanya nini kingine?" akasema.

Basi kamusi ilikuwa faini. Taipureta ilikuwa faini. Au hapana. Sijui. Labda alinipenda pia. Siwezi kutenganisha.

Ijumaa, 11 Juni

Alikuja mlangoni kwangu asubuhi, hakuingia. Akasema, "Andika. Andika yote. Namba saba pia. Jarida limekua sasa, linaweza kubeba. Nitaichapa kama utakavyoiandika."

Nikauliza, neno kwa neno?

"Neno kwa neno, mwanangu. Ndilo ninaloweza kufanya."

Niliamini. Nimefurahi kiasi cha kuogopa. Ikichapwa, itasomwa Makwale na kituoni na kwa Gwakisa. Karatasi ndiyo iliyomtoa Mama, karatasi inaweza kusema ukweli juu yake. Wazee hawatakaa, lakini watu watajua.

Jumatano, 16 Juni

Shule imefungwa. Naandika kutwa. Nimefuta ukurasa wa namba saba mara tisa. Mara ya kwanza ulikuwa na hasira nyingi. Mara ya tano ulikuwa na machozi. Nataka uwe kama historia: nani, wapi, nini kilitokea.

Jumamosi, 19 Juni

Nimemaliza. Kurasa kumi na moja za mkono. Kuhusu namba saba nimeandika hivi:

"Namba saba iliisha kwa siku mbili. Kisa chake cha mkanda kilikuwa cha kweli nusu. Kweli ni kwamba mzee wa Makwale aliteleza mtoni jioni moja ya mafuriko, na mke wa mwanawe akamwokoa, akijua itakavyomgharimu. Uongo ni mengine yote. Mwanamke huyo alipoteza nyumba yake na mtoto wake. Jarida hili lilisimama kwa sababu yeye alianguka. Tunamwomba radhi."

Baba Mdogo alisoma akiwa amesimama. Akakunja kurasa kwa uangalifu, akaziweka mfuko wa ndani wa koti. "Ndaga fijo," akasema. Asante sana. Kesho kutwa anakwenda Mbeya.

Kwangu imebaki nakala. Siku zote nanakili.

Alhamisi, 24 Juni

Hajarudi. Nafagia duka. Nahesabu siku kama mtoto anayesubiri Krismasi.

Jumatatu, 28 Juni

Amerudi. Mtanashati namba thelathini. Jalada kweli lina rangi: kijana wa suti ya bluu, kiatu kinang'aa. Karatasi inateleza. Inanuka vizuri. Watu walijaa dukani. Gwakisa alikuja na mkasi bado mkononi.

Ukurasa wa nne. Historia ya Jarida Letu.

Namba moja ipo, pasi ya mkaa ipo, kiraka safi kipo. Nilisoma nikiruka mistari.

"Namba saba, iliyohusu mikanda, ilipendwa kuliko zote, na mpaka leo wasomaji wetu huikumbuka kwa kicheko."

Chini: Na Lugano Ambakisye.

Jina langu. Herufi nyeusi, nene, hakuna hata moja iliyokosewa.

Jumanne, 29 Juni

Anasema nafasi ilikuwa ndogo. Anasema ni mbia wa Mbeya, hakutaka mambo ya familia kwenye gazeti la mitindo, alikata yeye.

Leo alipokwenda sokoni nilipekua koti. Kurasa zangu zilikuwemo bado. Mstari umepita juu ya aya ya namba saba, kutoka pembe hadi pembe. Chaki ya bluu. Chaki ya fundi. Yule bwana wa Mbeya hashoni nguo.

Wala hakukata tu. Pembeni, kwa mwandiko wake, ameandika ile sentensi ya kicheko. Aliitunga yeye. Kisha akaiachia jina langu.

Mara ya kwanza alichukua siri ya Mama akaitia jina la Kaka Suti. Safari hii amechukua uongo wake akautia jina langu. Sasa sote wawili, Mama na mimi, tumekwisha andikwa naye.

Mara ya kwanza alikuwa na sababu. Jarida lilikuwa linakufa. Safari hii halikuwa linakufa.

Jumatano, 30 Juni

Nimewaza jambo moja tangu asubuhi, nalo linanitia baridi. Wanawake wa mchele wanavuka mto Songwe kwenda Karonga kila siku. Wananunua kila kitu na wanabeba kila kitu. Mtanashati huvuka nao, wanaume wa Karonga wanalipenda.

Mama akiliona?

Alhamisi, 1 Julai

Nimemwambia Baba Mdogo kwamba sitapanga tena, sitasahihisha tena, sitapiga taipu tena. Akasema siku hizi mashine inapanga yenyewe. Nadhani hakukusudia kuumiza. Alisema kama habari.

Nikamwambia nakwenda kwa Mama. Akasema nichukue koti, kule ziwani upepo ni mkali asubuhi. Akalitoa lile la mtumba alilokuwa anapunguza siku ile, mteja hakurudi. Lilikuwa saizi yangu kabisa.

Nililiacha kwenye msumari.

Ijumaa, 2 Julai

Makwale. Bibi amenifungia mchele na ndizi. Nilimuuliza nitampataje. "Waulize wanawake wa mchele. Wote wanamjua." Nilishangaa. Mwaka mzima wanapita mlangoni pa duka, na mimi sikuwahi kuwauliza. Sikuwahi kumuuliza mtu yeyote chochote.

Baba alinikuta njiani nikiondoka. Alishika baiskeli. Alisema, "Msalimie." Neno moja. Miaka mitano, neno moja. Nilitaka kumwuliza mambo mengi. Nikasema, "Haya."

Jumamosi, 3 Julai

Karonga.

Nilipanda pikapu mpaka Kasumulu, mpakani, na mama mmoja wa mchele. Daraja tulivuka kwa miguu. Hakuna aliyeniuliza kitu, nilikuwa mtoto aliyebeba mzigo wa mtu. Upande wa pili tulipanda basi. Maneno yao ni ndugu wa maneno yetu, nilielewa karibu yote.

Mama anauza samaki wakavu karibu na ziwa. Ni mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Alinitambua kabla sijafika. Alisimama, mizani mkononi. Hatukukumbatiana. Alichukua mzigo kichwani mwangu, akauliza nimekula nini.

Namba thelathini ilikuwa chumbani kwake, juu ya sanduku, ndani ya mfuko wa nailoni ili isichafuke.

"Waliniletea Jumatano," akasema. "Walisema, tazama jina la mtoto wako. Nilinunua. Nilifurahi kabla sijafungua."

Nikasubiri.

"Kisha nikafungua."

Nilisema sikuandika mimi. Nilisema kwa sauti kubwa, watu waligeuka. Nilisema sikuandika, sikuandika. Alinishika mabega. Akasema, "Kula kwanza." Sikuweza kula. Alikaa akanitazama nisivyokula.

Sijui kama aliniamini.

Jumapili, 4 Julai

Asubuhi upepo ulikuwa mkali kweli.

Baada ya chai nilimpa nakala yangu ya mkono. Mama alisoma mpaka darasa la nne tu. Alikaa mlangoni penye mwanga akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kurasa zote kumi na moja, hata pasi ya mkaa, hata kufunga tai. Sikumharakisha. Nilichambua samaki wake, wadogo huku, wakubwa huku.

Alipofika namba saba kidole kilisimama. Kikaendelea. Kikarudi mwanzo wa aya. Mara tatu.

Hakulia. Nilidhani atalia.

"Umekosea hapa," akasema.

Nikaacha samaki. Nikakaa karibu naye. Alionyesha neno.

"Haikuwa jioni. Ilikuwa asubuhi, mvua imekata. Ingekuwa jioni nisingemwona, maji yalikuwa meusi." Akafikiri. "Alikuwa mwepesi. Nilijiandaa kwa mtu mzito, nikavuta kwa nguvu zangu zote, karibu tuanguke wote. Mwepesi kama wewe ulivyokuwa."

Akanirudishia kurasa. Akaenda kuangalia moto.

Nilitafuta kalamu. Nimefuta "jioni moja". Juu yake nimeandika "asubuhi moja".